Mabishano juu ya Tiba ya UVIKO-19: Dawa Hupimwaje Watu Wanapokufa?

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2020 madaktari wa nchi nyingi walijikuta katika hali ambayo hawakuitarajia. Wodi zilijaa wagonjwa waliohema kama watu waliotoka kukimbia mbio ndefu, ilhali walikuwa wamelala vitandani. Kirusi kilichosababisha ugonjwa huo kilikuwa kimetambuliwa majuma machache tu yaliyopita, na dawa iliyothibitishwa haikuwapo hata moja. Mgonjwa yu mbele ya tabibu, jamaa zake wanangoja nje, na kila saa ipitayo pumzi yake yazidi kuwa nzito. Je, tabibu ampe dawa anayodhani yaweza kufaa, au ajizuie mpaka ushahidi upatikane?

Swali hili liliwagawa wataalamu wa dunia nzima katika kambi mbili. Wa kambi ya kwanza walisema kwamba nyumba inapoungua hakuna nafasi ya kupima ubora wa maji. Wa kambi ya pili walijibu kwamba si kila kimiminika kilichomo ndooni ni maji. Huenda kingine kikawa mafuta ya taa. Kabla hatujaona nani alikuwa na haki, yafaa kwanza tukumbuke kinachotokea ndani ya mapafu.

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vidogo vya hewa vipatavyo milioni 300 au zaidi. Ukuta unaotenganisha hewa ya kifuko na damu ni mwembamba mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na ndiyo maana oksijeni hupenya kwa urahisi na kushikwa na himoglobini ya seli nyekundu. Katika UVIKO-19 iliyo kali, kuta hizo huvimba, majimaji na mabaki ya seli huingia vifukoni, na vijidamu vilivyoganda huziba baadhi ya mishipa myembamba. Hewa huingia lakini haiifikii damu. Katika mtu mwenye afya, himoglobini iliyobeba oksijeni ni kama asilimia 95 hadi 100. Katika wagonjwa hawa iliteremka chini ya 90, na kwa baadhi yao chini zaidi, hata kabla mgonjwa mwenyewe hajajihisi vibaya sana.

Kipimo chenyewe kinastahili kutajwa, kwani wengi wetu tulikiona kwa mara ya kwanza wakati wa janga. Ni kile kidude kinachobanwa kidoleni. Hupitisha nuru nyekundu na nuru isiyoonekana iliyo karibu na nyekundu. Himoglobini iliyokosa oksijeni hunyonya nuru nyekundu kwa wingi zaidi kuliko ile iliyoibeba, na kwa kulinganisha nuru hizo mbili chombo hukadiria asilimia ya oksijeni. Msingi wa chombo hiki uligunduliwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alifariki Aprili 2020, wakati uvumbuzi wake ulipokuwa ukihitajiwa kuliko wakati mwingine wowote.

Jambo la kushikilia hapa ni kwamba madhara ya mapafu hayaletwi na kirusi peke yake. Siku za mwanzo kirusi huongezeka; baadaye, aghalabu katika juma la pili, askari wa mwili wenyewe ndio wanaozidisha uharibifu. Seli za kinga humwaga kemikali za kuitana, nazo huita seli nyingine, mpaka uvimbe uliokusudiwa kumlinda mtu unamziba pumzi. Mabishano karibu yote tutakayoyaeleza yanahusu hatua hizi mbili.

Klorokwini yarudi

Wasomaji wenye umri watakumbuka klorokwini, dawa chungu ya malaria iliyowawasha watu wengi ngozi. Tanzania iliiacha mwaka 2001 kuwa dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, iliendelea kutumika kwa magonjwa ya viungo na kwa ugonjwa wa lupasi. Katika chupa za maabara dawa hizi mbili zilionekana kuzuia kirusi cha UVIKO-19 kisizaliane. Hapo ndipo tumaini lilipoanzia.

Machi 2020, Profesa Didier Raoult na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walichapisha matokeo ya wagonjwa 36. Kati ya 20 waliopewa haidroksiklorokwini, 14 hawakuonekana tena na kirusi puani siku ya sita. Kati ya 16 wasiopewa, ni 2 tu. Asilimia 70 dhidi ya 12.5! Habari zikaenea kama moto wa nyikani. Tarehe 28 mwezi huohuo wakuu wa dawa nchini Marekani waliruhusu itumike kwa dharura. Wagonjwa wa lupasi walianza kukosa dawa yao madukani, na mjini Lagos hospitali ziliwapokea watu waliojidhuru kwa kumeza klorokwini kupita kiasi.

Mwanafunzi aliyefunzwa kusoma jedwali kwa makini angeuliza maswali mawili. La kwanza: je, waliotibiwa walikuwa 20 tangu mwanzo? Hasha. Walikuwa 26. Sita hawakuhesabiwa: watatu walipelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliondoka hospitalini na mmoja aliacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu. Katika kundi jingine hapakuwa na aliyefariki wala aliyepelekwa chumba hicho. Ukiwaondoa kwenye hesabu wale walioharibikiwa, dawa yoyote itang'ara. Swali la pili: kilichopimwa ni nini? Ni kirusi kilichomo puani. Mgonjwa na jamaa zake hawaulizi habari za pua. Wanauliza kama atapona. Makala hiyo iliondolewa rasmi na jarida lililoichapisha mnamo Desemba 2024, zaidi ya miaka minne baadaye.

Haki yataka isemwe kwamba upande wa pili nao ulikuwa na aibu yake. Mei 22, 2020, jarida mashuhuri la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala iliyodai kuonyesha, kwa kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa wa mabara yote, kwamba dawa hiyo inaua. Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda majaribio yake. Kumbe data zile, zilizotolewa na kampuni moja ya Marekani, hazikuweza kukaguliwa na mtu yeyote. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Hivyo katika muda wa majuma kumi ulimwengu uliambiwa kwamba dawa yaponya, kisha kwamba yaua, na habari zote mbili hazikuwa na msingi wa kutegemewa.

Kwa nini kura?

Mwalimu anaweza kuonyesha ugumu wa jambo hili darasani bila gharama. Chukua maharagwe 75 meupe na 25 mekundu, yachanganye katika mfuko. Kila haragwe jekundu ni mgonjwa anayefariki. Mwanafunzi achomoe moja bila kutazama, aandike rangi yake, alirudishe, na kufanya hivyo mara 20. Tungetazamia mekundu 5. Darasa zima likifanya hivyo, wako watakaopata 3, wako watakaopata 7, na pengine mmoja wawili watapata 2 au 8. Sasa mwambie yule wa 2 kwamba alipewa dawa, na yule wa 8 kwamba hakupewa: ataapa kwamba dawa ni ya ajabu. Lakini wakijumlisha machomozi yote ya madarasa yao yakawa 2000, jumla haitakuwa mbali sana na robo. Wingi wa wagonjwa hupunguza hila za bahati.

Wingi peke yake, hata hivyo, hautoshi. Daktari akichagua mwenyewe nani apewe dawa, huenda akawapa wale wenye nguvu za kutosha kumeza vidonge, au kinyume chake, wale walio hoi kabisa. Aidha, mgonjwa anayefariki saa tatu baada ya kulazwa hana nafasi ya kupewa dawa inayoanza kesho yake. Atahesabiwa miongoni mwa wasiopewa, na kundi hilo litaonekana baya bila kosa lake. Dawa ya mambo haya ni moja tu: kura. Kura ikiwagawa wagonjwa wengi, wazee, vijana, wenye kisukari, wanene na wembamba hutawanyika karibu sawa pande zote mbili, hata kwa sifa ambazo hakuna aliyefikiria kuzipima. Tofauti ikitokea baadaye, imebaki dawa peke yake ya kuieleza.

Wako waliouliza kama si ukatili kumkatia mgonjwa mahututi kura. Swali hili lilijibiwa katika miaka ya 1940 huko Uingereza, pia juu ya ugonjwa wa mapafu. Streptomaisini ilikuwa dawa mpya ya kifua kikuu na haikuwatosha wote. Kura ikatumika: 55 walipewa, 52 walipumzishwa kitandani tu kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Njia hiyohiyo ililetwa Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1970 wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndio waliosaidia kuthibitisha kwamba matibabu ya miezi sita yenye rifampisini yaweza kufanya kazi iliyochukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Maelfu ya wagonjwa duniani wanaofunga dozi yao leo kwa miezi sita hawajui kwamba hesabu ilifanywa huku kwetu.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi, na mwandishi anaona kwamba haujafundishwa vya kutosha mashuleni. Kwa miaka mingi ilishikiliwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri atiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Fiziolojia ilikubali, vitabu vilikubali. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi waliwagawa kwa kura watoto 3141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Wengi wao walikuwa wakipumua kwa shida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza walifariki asilimia 7.3 ya watoto ambao hawakutiwa maji ya haraka, na asilimia 10.5 hadi 10.6 ya waliotiwa. Yaani kwa kila watoto 1000 waliopewa tiba iliyodhaniwa ya kuokoa, takribani 33 zaidi walipotea. Hapana daktari hata mmoja ambaye angeweza kuliona hilo kwa macho wodini pake, kwa sababu watoto wengi waliotiwa maji walipona, na kila aliyepona alionekana kuwa ushahidi.

Steroidi: pande mbili zenye hoja

Ugomvi mkubwa zaidi wa kitaalamu, ingawa haukupigiwa kelele magazetini, ulihusu steroidi. Hizi ni dawa zinazofanana na homoni itolewayo na tezi zilizo juu ya mafigo. Hutuliza kinga ya mwili. Deksamethasoni ni mojawapo. Ni ya zamani, hupatikana hata katika zahanati, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Kutuliza kinga wakati kirusi kinazaliana ni sawa na kuwanyang'anya askari silaha adui akiwa langoni. Wakati wa ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003, baadhi ya wagonjwa waliopewa steroidi walichelewa kuondokewa na kirusi, na wengine walibaki na mifupa ya nyonga iliyooza. Katika homa kali ya mafua, kumbukumbu za hospitali zilionyesha vifo vingi zaidi kwa waliopewa. Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitolewe kwa kawaida nje ya majaribio. Waliounga mkono nao walisema kwamba mgonjwa anayeshindwa kupumua amekwisha vuka hatua ya kirusi. Sasa anauawa na askari wake mwenyewe.

Machi 2020, Peter Horby na Martin Landray wa Chuo Kikuu cha Oxford walianzisha jaribio liitwalo RECOVERY katika hospitali za Uingereza. Lilikuwa rahisi kwa makusudi: fomu fupi, kura ya kompyuta, na swali moja kuu, nalo ni kama mgonjwa yu hai baada ya siku 28. Tangu mgonjwa wa kwanza mpaka jibu kuhusu deksamethasoni, siku 100 hazikutimia. Wagonjwa 2104 walipewa miligramu 6 kila siku kwa muda usiozidi siku 10. 4321 walitunzwa kama kawaida. Kwa jumla walifariki asilimia 22.9 dhidi ya 25.7. Tofauti hiyo ni ndogo. Lakini tazama inavyogawanyika. Kwa waliokuwa katika mashine ya kupumulia walifariki asilimia 29.3 badala ya 41.4, yaani maisha kama 121 kwa kila wagonjwa 1000, karibu mtu mmoja kwa kila wanane. Kwa waliopewa oksijeni bila mashine walifariki 23.3 badala ya 26.2. Na kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa? Asilimia 17.8 kwa waliopewa dawa, 14.0 kwa wasiopewa. Hii ya mwisho yaweza kuwa ni hila ya bahati, ila haikuonyesha faida yoyote, nayo ilielekea upande wa madhara.

Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zimesema kweli, kila moja juu ya mgonjwa wake. Dawa ileile yaokoa katika hatua ya pili na haifai katika ya kwanza. Hapana hoja ya fiziolojia ambayo ingeweza kutuambia mpaka uko wapi, wala faida ni kubwa kiasi gani. Ni hesabu ya watu iliyotuambia.

Jaribio hilohilo liliipima haidroksiklorokwini: asilimia 27.0 walifariki kati ya waliopewa, 25.0 kati ya wasiopewa. Jaribio la Shirika la Afya Duniani, lenye wagonjwa zaidi ya 11000 katika nchi 30, halikuona faida pia. Damu nyeupe ya waliopona, iliyotumainiwa sana, ilitoa asilimia 24 kila upande kati ya wagonjwa zaidi ya 11000. Azithromaisini: 22 na 22. Ivermektini, dawa ya minyoo na usubi, iliingia mabishanoni baadaye kwa nguvu ya tafiti ndogo, mojawapo ikiondolewa Julai 2021 kwa mashaka juu ya data zake. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuona faida ya maana.

Na mitishamba? Aprili 2020 Madagaska ilitangaza kinywaji cha pakanga, nacho kilifika mpaka Tanzania. Nyungu nazo zilifukizwa katika kaya nyingi. Kuzidharau dawa hizi kwa kuwa ni za kienyeji si sayansi: dawa bora ya malaria ya siku zetu, artemisinini, ilichujwa na Tu Youyou wa China mwaka 1972 kutoka katika pakanga hilohilo, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini yeye aliichuja, akaipima. Kinywaji kilitangazwa kabla ya kupimwa kwa kura, na juu ya mvuke hatukuwa na ushahidi wa kuponya mapafu, bali tahadhari ya kuungua tu. Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Afrika walikubaliana juu ya kanuni za kuzijaribu dawa za mitishamba kwa vipimo vilevile vya dawa za viwandani.

Mashine, na kulala kifudifudi

Mabishano hayakuwa ya dawa pekee. Wengine walitaka mgonjwa awekewe mashine ya kupumulia mapema. Wengine, akiwamo Luciano Gattinoni wa Italia, walionya kwamba si mapafu yote ya UVIKO-19 yanafanana, na kwamba mengine hayajakakamaa mwanzoni kiasi cha kustahili shinikizo kubwa. Mashine yenyewe yaweza kuumiza. Jambo hili lilijulikana tangu mwaka 2000, wakati jaribio la Marekani la wagonjwa 861 lilipoonyesha kwamba kusukuma hewa kidogo, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaotazamiwa kwa kimo cha mtu badala ya 12, kulipunguza vifo kutoka asilimia 39.8 hadi 31.0. Na mwaka 2013 Wafaransa walionyesha kwamba kumlaza kifudifudi mgonjwa mahututi wa mashine, kwa saa 16 au zaidi kila mara, kulipunguza vifo kutoka asilimia 32.8 hadi 16.0. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo. Mtu akilala chali, huko ndiko kunakobanwa na kujaa majimaji. Hakihitajiwi kiwanda kumgeuza mgonjwa, ila wahitajiwa wauguzi wanne au watano walio imara.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Utafiti wa hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwamo, uliochapishwa Mei 2021, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 asilimia 48.2 walifariki katika siku 30, ambapo wastani wa dunia ulikuwa 31.5. Dawa za kisasa hazikuwa sababu kuu. Palikosekana vitanda, wauguzi, na vifaa ambavyo hata vilipokuwapo havikutumika ipasavyo. Deksamethasoni haimfai mtu ambaye amekosa oksijeni.

Maswali ya steroidi yenyewe yaliendelea. Iwapo miligramu 6 zaokoa, je, 20 hazitaokoa zaidi? Mwaka 2023 RECOVERY ilijibu kwa wagonjwa waliohitaji oksijeni kidogo tu au wasioihitaji: waliopewa kipimo kikubwa walifariki asilimia 19, waliopewa cha kawaida 12. Je, nimonia ya kawaida, isiyo ya UVIKO? Mwaka huohuo jaribio la Ufaransa lilionyesha faida kwa wagonjwa mahututi, lakini katika vyumba vyenye vifaa vyote. Kwa hospitali zetu ilibidi kuuliza upya, na swali liliulizwa Kenya, katika hospitali 18 za umma, kwa watu wazima 2180 waliolazwa kwa nimonia. Jibu lilichapishwa mwaka 2025: katika siku 30 walifariki asilimia 22.6 ya waliopewa steroidi kwa kipimo kidogo, na 26.0 ya waliotunzwa bila hizo. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kukokotoa wenyewe ni wagonjwa wangapi wapaswa kutibiwa ili mmoja zaidi aokoke, kisha walinganishe na mmoja kwa wanane tuliyemwona katika mashine za Uingereza.